Dr. Du Bois na Idara Yake ya Elimu ya Jamii



Jina la Dr. W. E. B. Du Bois si geni katika shule hii. Katika somo la historia tunalisoma pamoja na majina ya Marcus Garvey na Kwame Nkrumah, tunapofika kwenye habari za Umoja wa Waafrika. Lakini nimeona kwamba wengi wetu tunamjua kama mtu wa mikutano na hotuba tu. Wachache wanajua ya kuwa kwa muda wa miaka 23, katika vipindi viwili, kazi yake ya kila siku ilikuwa kufundisha na kuongoza elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Atlanta, kusini mwa Marekani.

Elimu ya jamii, au sosholojia kama inavyoitwa vyuoni, ni elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: jamaa zao, kazi zao, nyumba zao, dini zao, umaskini wao na utajiri wao. Nimechagua habari hii kwa sababu moja. Sisi wa Kidato cha Nne tunaukaribia mtihani wa mwisho, na bwenini kila usiku kuna mabishano juu ya masomo ya kuendelea nayo. Wako wasemao kwamba elimu ya jamii haijengi daraja wala haimtibu mgonjwa, kwa hiyo ni elimu ya kupoteza wakati. Sina nia ya kugombana na wenzangu. Nataka tu kuwaeleza maisha ya mtu mmoja, ili tuone idara ndogo yenye fedha kidogo inaweza kufanya nini, na nguvu zake zinakoma wapi.

Utoto na masomo

William Edward Burghardt Du Bois alizaliwa tarehe 23 Februari 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, kaskazini mwa Marekani. Utumwa ulikuwa umekwisha kukomeshwa katika nchi ile miaka mitatu tu kabla ya kuzaliwa kwake. Baba yake aliondoka nyumbani mtoto akiwa mdogo sana, naye akalelewa na mama yake, Mary Silvina, pamoja na jamaa za mama. Weusi walikuwa wachache katika mji ule, na Du Bois alisoma pamoja na watoto wa Wazungu. Alikuwa hodari darasani, na walimu wake wakamtia moyo.

Mwaka 1885 mama yake alifariki. Kijana alikuwa na miaka 17, yaani umri wangu mimi ninayeandika habari hii. Hakuwa na fedha za kwenda chuoni, lakini watu wa makanisa ya huko walimchangia, akasafiri kwenda kusini katika Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, jimbo la Tennessee. Hapo ndipo alipoishi kwa mara ya kwanza kati ya vijana wengi weusi kama yeye, na hapo ndipo alipouona ubaguzi wa kusini kwa macho yake.

Wakati wa likizo alikwenda mashamba kufundisha watoto wa weusi maskini. Shule yake ilikuwa kibanda cha magogo kilichokuwa ghala la mahindi. Hakikuwa na mlango. Kiti cha mwalimu kilikuwa cha kuazima, na kila jioni hapana budi kirudishwe kwa mwenyewe. Nadhani Du Bois alijifunza mengi katika kibanda kile. Aliona kwamba wazazi wa watoto wale hawakuwa wavivu wala wajinga kama ilivyosemwa. Walifanya kazi mchana kutwa katika mashamba ya watu wengine, na deni halikwisha.

Kutoka Fisk alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard, akapata shahada ya kwanza mwaka 1890 na ya pili mwaka 1891. Kisha alipata msaada wa masomo akaenda Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Berlin, tangu 1892 hata 1894. Walimu wa huko walimfundisha jambo ambalo hakulisahau: kwamba mwenye kutaka kusema juu ya maisha ya watu sharti kwanza akusanye habari nyingi za kweli, azipange, azihesabu, ndipo atoe shauri. Msaada wake ulikwisha kabla hajapata shahada ya Berlin, akarudi kwao. Mwaka 1895 Harvard ilimpa shahada ya udaktari. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa shahada hiyo na chuo kile, na maandishi yake yalihusu kukomeshwa kwa biashara ya watumwa kutoka Afrika.

Ingekuwa leo, mtu mwenye elimu kama hiyo angegombewa na vyuo. Lakini Du Bois alikuwa mweusi, na vyuo vikuu vya Wazungu havikumpa kiti cha profesa. Alipata kazi katika chuo cha Wilberforce, jimbo la Ohio, akafundisha Kilatini, Kigiriki na lugha nyingine. Aliomba ruhusa ya kufundisha elimu ya jamii, akakataliwa.

Nyumba kwa nyumba

Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwita mjini Philadelphia kuchunguza maisha ya weusi wa mtaa mmoja ulioitwa Kata ya Saba. Mshahara wake ulikuwa dola 900 kwa mwaka. Hakupewa ofisi wala darasa la kufundisha. Alikuwa ameoa karibuni tu, na yeye na mkewe, Nina Gomer, walikaa katika chumba kimoja mle mle mtaani, kati ya watu aliokuja kuwachunguza.

Kazi aliifanya peke yake. Alichukua karatasi zake za maswali akaenda nyumba kwa nyumba, akauliza kila jamaa: mko wangapi, mlizaliwa wapi, mnafanya kazi gani, kodi ya nyumba ni kiasi gani, nani anajua kusoma. Alizungumza na watu wapatao 5,000, na uchunguzi wake ulihusu weusi 9,675 waliokaa katika kata ile. Si wote waliompokea kwa furaha. Wengine waliona vibaya kuchunguzwa kama wanyama wa ajabu, nao walikuwa na haki ya kuona hivyo.

Mimi mwenyewe nimeionja taabu hiyo, ingawa kidogo sana. Tulipokuwa Kidato cha Tatu mwalimu wetu wa jiografia alitutuma, wawili wawili, kwenda kijiji cha jirani kuwauliza watu wanachota maji wapi na inawachukua muda gani. Nyumba ya kwanza tulijibiwa vizuri. Nyumba ya pili hatukukaribishwa. Nyumba ya tatu tulimwamkia bibi mmoja mzee, naye alijibu maswali yote kwa upole, kisha akataka kujua kama tukishamaliza kuandika maji yatasogea karibu. Mimi na mwenzangu tulitazamana. Hatukuwa na la kumjibu. Basi nilipokuwa nikisoma habari za Du Bois katika mitaa ya Philadelphia, nilifahamu kwamba kuuliza swali mlangoni mwa mtu ni jambo zito. Unachukua kitu kwake, na hujui utamrudishia nini.

Kitabu cha uchunguzi ule kilipigwa chapa mwaka 1899, nacho kinaitwa "The Philadelphia Negro". Watu wa mji walikuwa wakisema kwamba weusi ni maskini na wenye makosa mengi kwa sababu ndivyo walivyoumbwa. Du Bois alionyesha kwa hesabu na ramani kwamba sababu ni nyingine. Weusi walifungiwa milango ya kazi nzuri hata walipokuwa na ujuzi. Walitozwa kodi kubwa kwa nyumba mbovu. Wengi walikuwa wageni waliotoka kusini juzi tu, wakiwa wameachiwa mikono mitupu na utumwa. Tena alionyesha kwamba weusi si kundi moja tu: walikuwako wenye mali, mafundi, vibarua, na waliopotea, kama ilivyo katika watu wote. Leo jambo hili laonekana jepesi. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyelithibitisha kwa kazi kubwa namna ile.

Idara ya Atlanta

Kabla kitabu hakijatoka, mkuu wa Chuo Kikuu cha Atlanta, Bwana Horace Bumstead, alimwita Du Bois aje kufundisha uchumi, historia na elimu ya jamii, na kuongoza uchunguzi wa maisha ya weusi. Alifika mwaka 1897, naye alikuwa na miaka 29. Mshahara ulikuwa dola 1,200 kwa mwaka. Chuo kilikuwa cha watu weusi, kilianzishwa mwaka 1865 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hakikuwa na mali.

Hapa nawaomba wasomaji wasikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Mtu mwingine angesema: sina fedha, sina wasaidizi, sina vitabu vya kutosha, nitangoja mpaka vipatikane. Du Bois hakungoja. Alifanya mambo matatu.

Kwanza, alifanya mpango. Mikutano ya uchunguzi ilikuwa imekwisha kuanza chuoni pale mwaka 1896, na yeye aliipa utaratibu mpya. Kila mwaka ungechunguzwa upande mmoja tu wa maisha ya weusi. Baada ya miaka kumi pande kumi zingekuwa zimekwisha, ndipo wangeanza tena upande wa kwanza, ili waone nini kimebadilika. Alikusudia mzunguko huo urudiwe mara kumi, yaani kwa miaka 100. Fikirini: kijana asiyekuwa na fedha za mwaka ujao anapanga kazi ya karne nzima!

Pili, alitumia watu aliokuwa nao. Wanafunzi wake darasani walijifunza kukusanya habari na kuzihesabu. Waliokwisha kumaliza masomo katika Atlanta, Fisk na vyuo vingine walikuwa wametawanyika katika miji na mashamba ya kusini, wengine walimu, wengine wachungaji, wengine wafanya biashara. Du Bois aliwaandikia barua na kuwapelekea karatasi za maswali, nao wakajibu bila malipo. Hivyo idara iliyoonekana ndogo ukitazama vyumba vyake ilikuwa na macho katika majimbo mengi.

Tatu, hakuacha kupiga chapa. Mkutano ulifanyika kila mwaka, watu wakasikia yaliyopatikana, na baadaye ripoti ikatoka. Mwaka 1899 ilihusu weusi katika biashara. Mwaka 1900 ilihusu weusi waliosoma vyuoni, ikaonyesha kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa walimu, wala hawakukaa bure kama walivyodhani watu. Mwaka 1901 ilihusu shule, 1902 mafundi, 1903 makanisa, 1906 afya, 1907 ushirika wa mali, 1908 jamaa na nyumba zao.

Nitaeleza habari ya ripoti moja tu, ile ya afya ya mwaka 1906. Siku zile walikuwako wataalamu walioandika kwamba weusi wa Marekani wana damu dhaifu, na kwamba baada ya muda watakufa wote. Jambo hili lilikuwa na madhara makubwa, maana mtu akiamini kwamba watu fulani watakwisha, kwa nini awajengee hospitali? Ripoti ya Atlanta ilikusanya hesabu za vifo na magonjwa, ikaonyesha kwamba sababu ni umaskini, nyumba mbaya na ukosefu wa matibabu, wala si damu. Hapo elimu ya jamii ilikuwa imemtetea mgonjwa, ingawa haikushika sindano.

Sifa za idara zilienea. Mwaka 1900 Du Bois na wanafunzi wake walichora kwa mkono michoro ya rangi inayoonyesha idadi ya weusi, ardhi waliyonunua, kazi zao na elimu yao. Michoro hiyo pamoja na picha nyingi ilipelekwa katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris, Ufaransa. Du Bois alisafiri katika daraja la chini kabisa la meli ili awahi kuipanga, na maonyesho yale yakapata medali ya dhahabu. Max Weber, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, alimwomba makala, akaipiga chapa katika jarida lake mwaka 1906. Mwaka huo huo mtaalamu Franz Boas alikuja Atlanta akawahutubia wanafunzi juu ya falme za Afrika na ufundi wa chuma wa Waafrika wa kale. Du Bois alistaajabu sana. Alikuwa amesoma Fisk, Harvard na Berlin, wala hakuna aliyemfundisha kwamba Afrika ina historia. Tangu hapo alianza kuitafuta historia hiyo, na baadaye akaandika vitabu juu yake. Naona hii ni sifa kubwa ya mkuu wa idara, kwamba aliwaalika wageni naye mwenyewe akakaa kuwasikiliza kama mwanafunzi.

Mahali nguvu zilipokoma

Walakini nisiwafiche upande wa pili. Du Bois alianza kazi akiamini kwamba ubaya wa Wazungu kwa weusi unatokana na ujinga, na kwamba dawa ya ujinga ni elimu iliyothibitishwa. Swali lile lile la yule bibi mzee wa kijijini, kama maandishi yataleta maji, lilimkuta naye, tena kwa namna ya kutisha.

Mwezi wa Aprili 1899, karibu na Atlanta, mtu mweusi aliyeitwa Sam Hose alishitakiwa kwa kumwua mwajiri wake. Kabla hajafikishwa mahakamani kundi kubwa la watu lilimkamata, likamtesa na kumchoma moto. Du Bois aliandika barua ya utaratibu, yenye hoja, akatoka kwa miguu kuipeleka kwa mhariri wa gazeti moja la mji. Njiani alipata habari kwamba vipande vya mwili wa Hose vimewekwa dukani, mbele kidogo ya njia ile ile, watu wavitazame. Aligeuka akarudi nyumbani. Barua hakuipeleka. Siku ile alitambua kwamba mtu hawezi kukaa kama mtaalamu mtulivu, akihesabu tu, wakati watu wake wanauawa.

Wiki chache baadaye mtoto wake wa kwanza, Burghardt, ambaye hajatimiza miaka miwili, alikufa kwa dondakoo mjini Atlanta. Huzuni hiyo aliiandika katika kitabu chake "The Souls of Black Folk" cha mwaka 1903.

Katika kitabu hicho pia alimpinga Bwana Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee, ambaye wakati ule alikuwa mtu mweusi mwenye nguvu kuliko wote Marekani. Washington aliwashauri weusi wajifunze kazi za mikono na wasidai kwanza haki za siasa. Du Bois hakudharau kazi za mikono, lakini aliona kwamba watu wasio na kura wala elimu ya juu watanyang'anywa hata kile wanachokichuma. Matajiri waliotoa sadaka kwa vyuo walimsikiliza Washington, na tangu hapo fedha za Atlanta zikazidi kuwa ngumu.

Mwaka 1906 alikubali kufanya uchunguzi kwa serikali ya Marekani katika wilaya ya Lowndes, jimbo la Alabama, palipokuwa na weusi wengi waliolima ardhi ya matajiri. Yeye na wasaidizi wake walikwenda tena nyumba kwa nyumba. Akiwa huko, mwezi wa Septemba, zilizuka ghasia Atlanta, na weusi wengi waliuawa. Alirudi upesi kwa treni kwa ajili ya mkewe na binti yake. Ripoti ya Lowndes aliimaliza akaipeleka serikalini. Haikupigwa chapa, na baadaye aliambiwa kwamba imekwisha kuharibiwa. Mimi nilipofika hapa niliweka kitabu chini kwa muda. Kazi ya watu wengi, majibu ya wakulima waliofungua milango yao, yote yametoweka kwa sababu ukweli wake haukupendeza.

Mwaka 1910 Du Bois aliondoka Atlanta. Alijua kwamba jina lake linakizuia chuo kupata fedha, na moyo wake ulimsukuma kutenda zaidi ya kuhesabu. Alikwenda New York kujiunga na chama kipya cha kutetea haki za weusi, akaanzisha gazeti lililoitwa "The Crisis". Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 1,000. Hata ilipofika mwaka 1919 zilitoka nakala zipatazo 100,000 kwa mwezi. Lakini gazeti lile lilijaa nini? Lilijaa hesabu: waliouawa bila hukumu ni wangapi na wapi, shule zimepewa fedha kiasi gani, nani amehitimu chuo. Mtu aliondoka katika idara, lakini idara haikuondoka katika mtu.

Kurudi, na miaka ya mwisho

Mwaka 1934, baada ya kukosana na viongozi wa chama, alirudi Atlanta kwa mwaliko wa rafiki yake John Hope, aliyekuwa mkuu wa chuo wakati huo. Alikuwa na miaka 66. Akawa mkuu wa idara ya elimu ya jamii kwa miaka kumi. Mwaka 1935 alitoa kitabu kikubwa cha historia ya weusi baada ya utumwa. Mwaka 1940 alianzisha jarida la wataalamu liitwalo "Phylon". Kisha alifufua ndoto yake ya zamani: alitaka vyuo vya weusi vya majimbo ya kusini vishirikiane, kila chuo kichunguze maisha ya watu wa jimbo lake, na Atlanta iwe mahali pa kukusanya yote. Mkutano ulifanyika, vyuo vikakubali. Lakini mwaka 1944 chuo kilimstaafisha bila yeye kutaka, na mpango ule ukafifia.

Mwaka 1945 alikuwa mwenyekiti katika Mkutano wa Tano wa Umoja wa Waafrika mjini Manchester, Uingereza, ambako walikuwapo Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta. Baadaye serikali ya nchi yake ilimshitaki, akashinda kesi mwaka 1951, lakini ikamnyima pasipoti kwa miaka mingi, hata hakuweza kuhudhuria uhuru wa Ghana mwaka 1957. Mwaka 1961, akiwa na miaka 93, Nkrumah alimwita Ghana aongoze kazi ya kutunga kamusi kubwa ya elimu yote ya Afrika. Alipata uraia wa Ghana, akafariki Accra tarehe 27 Agosti 1963, akiwa na miaka 95. Mke wake wa pili, Shirley Graham Du Bois, alikuwa mwandishi pia, na mwaka 1975 alitoa kitabu juu ya maisha ya Mwalimu Julius Nyerere. Hivyo jamaa hii ina uhusiano hata na sisi Watanzania.

Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kile kile kilichomnyima ofisi, kilimpa Du Bois heshima ya uprofesa, miaka 49 baada ya kufa kwake. Heshima iliyochelewa ni afadhali kuliko kukosa, lakini mwenyewe hakuiona.

Mambo ya kujifunza

Wenzangu, napenda kumalizia kwa mawazo yangu.

La kwanza, idara haistawi kwa majengo. Ile ya Atlanta ilistawi kwa sababu ilikuwa na swali moja kila mwaka, watu walioamini swali hilo, na ripoti iliyotoka bila kukosa. Haba na haba hujaza kibaba, na ripoti moja baada ya nyingine zilijaza rafu ambayo kila mtu aliyetaka kuandika kwa haki juu ya weusi wa Marekani ilimbidi aitazame.

La pili, kweli peke yake haitoshi. Inataka mtu wa kuibeba mpaka mahali inapoogopwa. Lakini na sauti peke yake haitoshi. Mwenye kupiga kelele bila hesabu hunyamazishwa upesi, kwa kuwa hana la kuonyesha. Du Bois alizipata nguvu zote mbili, naye alilipa gharama ya kila moja.

La tatu, linatuhusu sisi. Tangu tulipoingia Kidato cha Kwanza wako wenzetu walioondoka kabla ya kufika hapa. Vitanda vyao vimepewa wengine, na majina yao tunaanza kuyasahau. Kila mtu ana maneno yake juu yao: huyu alikuwa mvivu, yule aliolewa, yule alikosa nauli. Je, nani amewauliza wenyewe? Natoa shauri kwamba Chama cha Historia cha shule yetu kichague jambo moja kila mwaka, na jambo la kwanza liwe hili. Tuwaandikie barua wenzetu hao, na wale wa karibu tuwatembelee wakati wa likizo, tuwaulize kwa adabu ni nini kilichowatoa, bila kutaja majina yao katika ripoti. Majibu tuyahesabu, tumpe Mwalimu Mkuu na wazazi katika kikao chao, kisha tuyatoe katika gazeti hili.

Sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa tumekwisha ondoka majibu yatakapofika. Kwa hiyo naiacha kazi hii mikononi mwa ndugu zetu wa Kidato cha Pili na cha Tatu. Karatasi ya maswali nimekwisha kuiandika, ina maswali manane tu, nami nimeikabidhi kwa katibu wa Chama.